Tangi la Oluoch

Nyakato ina mafundi pikipiki wengi, na baadhi yao ukiwapelekea pikipiki yenye kasoro moja wanakurudishia ikiwa na tatu. Si siri, hata wao wenyewe wanalitania wakikaa kunywa chai. Lakini uliza pale nyuma ya viwanda ni nani anayeweza kulitoa tangi la mafuta kwenye pikipiki ya zamani, akalikalisha juu ya pikipiki nyingine kabisa, mpaka mtu aape kwamba vilitoka kiwandani pamoja. Hakuna atakayekuelekeza kwa mwanamume. Watakwambia nenda kwenye geti la bluu, uliza Mama Tangi.

Jina lake ni Awuor. Aliletwa Mwanza kutoka Shirati akiwa bibi harusi wa Oluoch, aliyekuwa fundi wa pikipiki kuukuu. Ufundi hakuusomea popote. Alianza kwa kumshikia mumewe taa, akaja kumshikia spana, mwisho akawa anamwambia pale anapokosea. Oluoch hakuwa mtu wa kununa. Aliona mkono wa mkewe ni mwepesi kwenye bati kuliko wake, akamwachia matangi yote, yeye akabaki na injini. Ugonjwa wa ini ulipomchukua, injini zilihamia kwa mdogo wake, Victor, na matangi yakabaki kwa Awuor.

Kazi yenyewe ni ya fahari ya watu. Mwanza siku hizi kila kijana ana pikipiki, na zote zinafanana, kwa hiyo mwenye nacho anataka ya kwake isifanane na ya mtu. Anatengenezewa moja kutokana na vipande vya nyingi: fremu ya huku, taa ya kule, kiti kilichokatwa kikabaki kama mkate. Juu ya vyote anataka tangi la zamani, lile la chuma kizito lenye tumbo la mviringo, ambalo viwanda viliacha kulitengeneza kitambo. Bila tangi hilo, hata uipake pikipiki dhahabu, inaonekana kama ng'ombe wa kiangazi.

Tatizo ni kwamba matangi hayo yamekwisha. Yaliyopo yameliwa na kutu huko Kwimba na Magu, nyuma ya nyumba za misheni na kwenye mabanda ya kuku, na kulipata moja zima ni kazi ya msimu mzima. Na mteja hasubiri msimu mzima akiangalia fremu tupu. Mteja anataka akae juu yake leo, apigwe picha, awatumie wenzake.

Victor ndiye aliyepata ufumbuzi. Uani, ukutani, ilikuwepo pikipiki ya marehemu kaka yake, Honda ya mwaka sabini na sita ambayo padri mmoja alimwachia Oluoch alipokuwa anarudi kwao. Ilikuwa na tangi jekundu lenye mstari wa rangi ya maziwa, na ndani halikuwa na chembe ya kutu, kwa sababu Oluoch hakuliacha hata siku moja lilale nusu tupu.

"Shemeji," Victor alisema, "tuliazime tangi la kaka. Mteja aone umbo tu. Tukishapata lake, hili linarudi mahali pake."

Awuor alilitoa mwenyewe. Boliti moja ya nyuma, koki ya mafuta ikafungwa, mpira ukachomolewa, tangi likavutwa nyuma likatoka. Hakufikiri mara mbili. Tangi la mumewe kupendwa na watu lilikuwa jambo la kumfurahisha, na kwa kweli lilimfurahisha.

Ndivyo lilivyoanza kutembea. Likimaliza kwa mteja mmoja linapokewa na mwingine, maana habari zilienea na wateja walizidi kuja mpaka wa kutoka Geita. Kila pikipiki mpya ya uani pale ilipimwa kwanza na tangi la Oluoch. Lilikaa juu ya fremu hiyo miezi, huku Victor akizunguka vijijini kutafuta la kudumu. Likipatikana, Awuor analitibu, analipaka rangi, anabadilishana: hili linaingia, lile linatoka. Na linapotoka tayari kuna mwingine analisubiri. Honda ya Oluoch ilibaki ukutani imefunikwa turubai, ina kila kitu isipokuwa tumbo.

Tangi halikubali kila fremu, hilo mtu wa kawaida halijui. Chini yake kuna mfereji unaolalia lile bomba la katikati, na mbele kuna masikio mawili yanayoshika raba. Fremu yenye bomba nene inataka mfereji mpana, fremu fupi inataka masikio yasogee. Kwa hiyo Awuor alilikata. Kila mara alilikata kidogo. Alilisafisha kwa Omo na maji ya moto, akaweka pua kwenye mdomo wa tangi na kunusa mpaka aridhike kwamba halina harufu ya petroli, akalijaza maji mpaka karibu na pale moto utakapogusa, kisha akakata, akakunja, akachomelea. Moyoni alijiambia kwamba alichokitoa atakuja kukirudisha. Alijua alipokata, na alijua kipande kilikuwa na ukubwa gani. Alifikiri kujua kunatosha.

Hapo watu wa nje wangeuliza kwa nini hakukataa. Ni rahisi kuuliza ukiwa nje ya geti. Victor angekuwa mtu mbaya, Awuor angekuwa ameondoka zamani. Majirani walisubiri kuona kama atamrithi mjane wa kaka yake, wakachoka kusubiri. Victor ni Msabato wa kweli, ana mke wake mmoja, Favour, na hakuwahi hata kuugusa mlango wa Awuor bila kubisha. Chumba alimpa kile chenye dirisha kubwa. Ada ya chuo cha uuguzi ya Rebeka, binti wa Awuor na Oluoch, aliilipa mpaka binti akapata kazi Bunda. Mama mkwe, bibi Selestina, alimwita mwanangu, akamwekea kichwa cha samaki kila Jumamosi jioni, na kichwa cha samaki katika nyumba ile hakiwekewi mtu hovyo. Awuor alilishwa, aliheshimiwa, alihitajiwa. Ungemgombeza nani hapo?

Lakini alikuwa anazama. Hakuwa na neno jingine. Aliamka asubuhi akasikia sauti ya geti, kifua kikambana kabla hajajua kwa nini. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na hakuna siku tangu msiba aliyoamua mwenyewe afanye nini na mikono yake. Kulikuwa na tangi la fulani la kumaliza, kisha la fulani mwingine. Aliyependwa kwa kazi yake aliagizwa kwa kazi yake, kwa upole, na neno "shemeji" mwanzoni na "Mungu akubariki" mwishoni.

Alichokitaka kilikuwa kimoja na alikijua vizuri. Mdogo wake, Dorcas, alikuwa na banda pale Busisi alilouzia samaki wa kukaanga enzi za kivuko, magari yalipokuwa yanapanga foleni na watu wana njaa. Daraja la kuvuka ziwa lilipofunguliwa, magari hayakusimama tena, yalipita yakiwaachia vumbi. Dorcas akahamia sokoni Sengerema. Banda likabaki tupu kando ya barabara, ambako bodaboda zinapita kutwa na matangi yanayovuja yamezibwa kwa sabuni.

"Njoo wewe," Dorcas alimwambia kwenye simu. "Samaki hawauziki, lakini matangi yatavuja siku zote."

Kwenda Busisi si safari. Mtu anapanda gari, anafika kabla jua halijawa kali. Ila mjane haondoki hivyo katika ukoo ule. Akitoka na mfuko wake kwa miguu, watu wanasema amefukuzwa, au amefuata mwanamume, na bibi Selestina angeshindwa kuinua uso kanisani. Akitoka na kitu cha mumewe, mbele ya wenye nyumba, akiombewa, huyo ameagwa, na mlango nyuma yake unabaki wazi. Kitu cha Oluoch kilikuwa pikipiki. Ilitakiwa itoke getini inanguruma, Awuor akiwa juu yake. Bibi Selestina mwenyewe alikwisha kusema hivyo baada ya ibada ya kumbukumbu ya mwanawe, na aliyasema kwa mapenzi.

Kwa hiyo kila alipotaja Busisi, jibu la Victor lilikuwa jepesi na la haki kabisa.

"Hakuna anayekuzuia, shemeji. Tangi lirudi tu kutoka kwa huyu mteja."

Mwaka huu Dorcas alipiga simu sauti imebadilika. Mwenye eneo anataka banda liwe na mtu mwezi huu, la sivyo analibomoa ajenge stoo. Awuor alisikiliza amesimama katikati ya uani, mikono ina vumbi la msasa. Alipokata simu alikwenda moja kwa moja kwa Victor, aliyekuwa amelala chini ya injini.

"Victor. Nataka tangi Jumapili hii."

Hakumwita shemeji, na Victor akatoka chini ya injini.

"Liko kwa Masele, Ilemela. Pikipiki yake bado hatujaipatia la kwake..."

"Mpatie jingine au aendeshe bila tangi. Jumapili."

Hapo ndipo mtu mbovu angetafuta sababu. Victor hakutafuta. Alifuta mikono, akasema amesikia, na Jumapili asubuhi akaenda mwenyewe Ilemela kwa Masele, mfanyabiashara wa dagaa, akalitoa tangi kwenye pikipiki ya mtu mbele ya macho yake, akatukanwa kwa Kisukuma na Kiswahili, akarudi nalo limefungwa ndani ya kitenge kipya cha mkewe.

Walikuwa wamejiandaa. Favour alipika chapati. Bibi Selestina alivaa gauni lake la kwenda kanisani ingawa siku ya kanisa ilikuwa jana yake. Vijana wawili watatu wa gereji walikuja na mashati safi. Honda ilitolewa chini ya turubai, ikaoshwa, ikawekwa betri, na Victor alikuwa ameipima injini akaridhika. Mfuko wa Awuor na sanduku la vifaa vyake vilikuwa tayari vimefungwa nyuma kwa mipira ya tyubu. Bibi Selestina akaomba. Aliomba kwa Kijaluo, kwa muda mrefu, akamtaja mwanawe, akamtaja Rebeka, akamwomba Mungu amlinde mkwe wake barabarani, na Awuor alilia bila kujificha kwa sababu aliwapenda watu hawa na alikuwa anawaacha.

Kisha akakifungua kitenge, akalipokea tangi kwa mikono miwili, akalielekeza kwenye fremu.

Halikuingia.

Alilivuta nyuma, akajaribu tena kwa kulilaza upande. Mbele masikio yalipita mbali na raba zake. Nyuma, tundu la boliti lilisimama juu ya mahali pake. Alipoliachia, tangi lilicheza kulia, likacheza kushoto, likatulia limeinama. Mfereji wa chini aliouacha mumewe, ambao ulikuwa unalikumbatia bomba la Honda hii bila nafasi ya kupitisha karatasi, sasa ungepitisha ngumi.

Hakuna mwingine aliyeelewa mara moja. Favour alikuwa anatabasamu bado. Lakini Awuor alielewa yote kwa mpigo mmoja. Pale ni pikipiki ya mwalimu wa Igoma. Hapa ni ya yule kijana wa Geita. Hii ni ya Masele. Aliweza kuusoma kila mkato kwa jina la mtu, na kila mkato ulikuwa wa mkono wake, safi, usio na doa, kazi ambayo alisifiwa. Miaka yote aliyosubiri tangi lirudi alikuwa anahakikisha mwenyewe kwamba likirudi halitakaa. Na alikuwa anajua. Aibu iliyomchoma ilitoka hapo hasa. Mtu aliyekata masikio ya tangi na kuyasogeza anajua yako wapi. Asingeshindwa hata siku moja kunyanyua turubai na kujaribu. Hakunyanyua.

"Halikai?" Victor aliuliza taratibu. Alipiga magoti, akaangalia chini yake, na alipoinuka alikuwa amebadilika uso. Alikuwa fundi naye. "Shemeji, hili... tumelikata sana."

"Nimelikata," Awuor alisema.

"Si kitu. Kesho asubuhi unalirekebisha. Masikio tu na kuupunguza mfereji, kwako hiyo ni kazi ya nusu siku. Utakwenda kesho, au keshokutwa. Wewe mwenyewe hukubali tangi linalocheza litoke hapa."

Ilikuwa kweli. Sheria hiyo ilikuwa ya Awuor. Siku moja tangi la mteja lililofungwa vibaya lilisuguana na fremu mpaka likatoboka barabarani, mtu akaungua mguu. Tangu hapo akaweka sharti: tangi linalocheza halivuki geti hili, hata la bosi, hata mteja akilia. Aliwahi kumrudisha mtu kutoka barabarani kwa sababu ya raba moja.

Bibi Selestina aliposikia neno kesho, alishusha pumzi, na ilikuwa pumzi ya raha. "Basi ni Mungu amependa," alisema. "Kula chapati, mwanangu. Hizi chapati hazikupikwa bure."

Awuor alitazama mkono wake wa kulia. Mkono ulikuwa umekwisha kushika grenda ya kukatia bati. Hakuwa ameuagiza. Ulikuwa umeinyakua pale mezani wenyewe, na kichwani alikuwa ameanza kupima: sikio la kushoto kwanza, bati la unene gani, ajaze maji mpaka wapi. Na alijisikia vizuri. Hilo ndilo lililomtisha. Kifua kilichokuwa kimebana tangu asubuhi kilikuwa kimelegea kwa sababu kulikuwa na kazi ya kufanya na siku moja zaidi ya kukaa. Kesho ataamka, atalisafisha, na Masele atakuja kulalamika, na Victor atasema shemeji tumsaidie kwanza huyu, na yeye atasema sawa. Angelisema mwenyewe. Hakuna ambaye angemlazimisha. Aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya kumzika mumewe.

Aliirudisha grenda mezani.

Alichukua mipira mingine ya tyubu, akaupitisha mmoja mbele ya tangi na chini ya bomba, akauvuta mpaka ukalia, akafunga. Wa pili nyuma. Akakunja gunia chini ya upande ulioinama. Akaunga mpira wa mafuta kwenye koki, akamimina petroli ya dumu, akaangalia kama inavuja. Ilivuja kidogo kwenye koki, akaikaza. Ilikuwa kazi mbaya, ya haraka, ya wale mafundi wanaokaa chini ya miti na bisibisi moja. Vijana wa gereji walitazamana. Hawakuwahi kumwona akifanya kitu kibaya.

"Shemeji, linacheza," Victor alisema. Alikuwa amesimama kati yake na geti, si kwa kumzuia, ni pale tu alipokuwa amesimama.

"Naona."

"Usiende hivyo. Watu watasema nini juu ya gereji yetu? Kesho tu."

"Victor, nikibaki mpaka kesho sitaondoka. Unajua hivyo, na mama anajua. Hamna ubaya, lakini sitaondoka."

Victor alimtazama mama yake, na bibi Selestina akatazama chapati. Kisha Victor akalishika geti, akalisukuma likafunguka lote, na macho yake yalikuwa na maji.

Honda ilishika kwa kiki ya tatu. Awuor aliketi, akalibana tangi kwa mapaja ili lisiyumbe, akatoka getini ananguruma, kama mjane wa Oluoch alivyopaswa kutoka, ila tangi limekaa upogo kama kofia ya mlevi. Wauza vocha wa kona walicheka. Fundi mmoja mshindani wake alisimama kabisa barabarani kumwangalia.

Alipita Igoma, akashika njia ya Buhongwa. Mapaja yalimuuma kwa kulibana tangi. Kila tuta lilisukuma mlio wa chuma juu ya chuma mpaka kwenye meno yake, na alijua kwa hesabu ya kifundi ni wapi bati linaliwa na litatoboka lini. Mara mbili alisimama kukaza mipira. Alipofika Usagara, ambapo njia ya Busisi inachepuka, sketi yake ilikuwa na petroli, akaingia sheli.

Dada wa sheli alikuja na bomba la mafuta, akasimama kabla hajafungua kifuniko. Aliinama akatazama chini ya tangi, akaigusa mipira, akagusa gunia. Alikuwa na huruma ya kweli.

"Jamani mama," alisema, "nani amekufanyia hivi? Huyo fundi alikuwa na akili timamu? Si amekuharibia kabisa."

Awuor alishika usukani. Angeweza kumtaja Victor, angeweza kuwataja wateja mmoja mmoja, na yote yangekuwa kweli kiasi.

"Mimi," alisema.

"Wewe ndiye uliyelifunga?"

"Na kulikata. Kidogo kidogo, miaka yote. Hakuna mwingine aliyelishika."

Dada alimimina mafuta polepole akichunga yasimwagike, akafunga kifuniko, akamwuliza kama anakwenda mbali.

"Busisi," Awuor alisema, akalibana tangi kwa mapaja.